Nitajuaje kama soketi ya nje ina kinga ya kumwokoa mtu akipigwa shoti?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nimepanga nyumba Kigamboni. Ukutani nje, karibu na simtanki, kuna soketi tunayochomekea pampu ya maji, na siku za kufua tunachomekea mashine ya kufulia. Sakafu pale huwa imelowa muda mwingi na watoto wanapita peku. Nilimuuliza fundi aliyekuja kubadilisha taa kama soketi ile ni salama, akanijibu, "Kuna breka, usiwe na wasiwasi." Bado sijatulia. Nitajuaje mwenyewe kama ina ile kinga inayokata umeme mtu akipigwa shoti?

Jibu: Nzuri, dada yangu, na una haki ya kutotulia. "Kuna breka" si jibu la ulichouliza. Breka imewekwa kulinda waya usiungue. Mtu ana kinga yake nyingine kabisa, na katika nyumba zetu, hasa zilizojengwa kwa awamu, mara nyingi kinga hiyo ama haipo, ama ipo lakini soketi ya nje haikupitishwa humo.

Nianze na kipimo chenyewe, maelezo yafuate. Mchana, sakafu ikiwa kavu na ukiwa umevaa viatu, chomoa pampu, chomeka taa ya mezani kwenye soketi hiyo na uiwashe. Mwache mtu mzima aitazame taa, wewe nenda kwenye boksi la breka, lile mafundi wanaloliita DB, ukatafute kifaa chenye kitufe kidogo kilichoandikwa T au TEST. Kibonyeze mara moja. Kifaa kikiruka, yaani mkono wake ukashuka na kukata umeme, na taa ya nje ikazimika, soketi yako iko chini ya kinga, mradi kifaa kiwe cha kiwango nitakachokuonyesha hapo chini. Kikiruka lakini taa ikabaki inawaka, nyumba ina kinga ila soketi ya nje imeachwa. Kitufe kisipokuwepo popote kwenye boksi wala kwenye soketi yenyewe, chukulia kwamba kinga haipo. Na kikiwepo, ukakibonyeza wakati umeme upo na kisiruke, kifaa kimekufa na inabidi kibadilishwe. Kabla ya kubonyeza, zima kompyuta na uwaambie wa nyumbani, maana karibu nyumba nzima inaweza kuzimika. Ukimaliza, rudisha mkono wa kifaa juu.

Sasa kwa nini nasema breka haitoshi. Breka ya soketi huwa ya ampea 20 au 32. Mtu aliyelowa, aliyesimama peku kwenye saruji yenye maji, ukinzani wa mwili wake unaweza kushuka hadi karibu omu 1,000. Gawanya volti 230 kwa 1,000 unapata miliampea 230, ambayo hata robo ya ampea haifiki. Kwa breka ya ampea 20, hicho ni kiasi kidogo kuliko cha pasi au jiko, haina sababu ya kuruka. Kwa mwili, ni hatari ya kifo. Kuanzia karibu miliampea 10 misuli ya mkono hukaza na mtu anashindwa kuachia alichoshika. Zikifika 30 hivi pumzi inaanza kubanwa, na kupanda zaidi ya hapo, umeme ukidumu, moyo unapoteza mapigo yake. Mtu anaweza kufia kwenye waya ambao breka inauona uko sawa kabisa.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawaelezwi, nalo linahusu nyumba zetu moja kwa moja. Nyumba nyingi huku zinategemea ethi yao zenyewe, yaani ile rodi iliyochimbiwa nje karibu na ukuta. Tuseme pampu yako imeharibika ndani, waya wa moto umegusa bodi la chuma. Umeme unashuka kwenye waya wa ethi, unaingia ardhini kupitia rodi, unarudi transfoma kupitia udongo. Ukinzani wa njia hiyo yote ukiwa omu 50, na kwenye udongo wa mchanga wakati wa kiangazi huweza kuwa zaidi ya hapo, umeme utakaopita ni ampea 4.6 tu. Breka ya ampea 20 haitaruka leo wala kesho. Bodi la pampu litabaki na umeme, na LUKU itakula takriban uniti moja kila saa bila mtu kujua zinakwenda wapi. Ndiyo maana ninaposikia "uniti zinaisha haraka na bomba la pampu linatekenya kidogo", sisubiri kesho. Kutekenya huko ni umeme. Zima breka ya soketi hiyo saa hiyo hiyo.

Kinga inayotakiwa hapo ni RCD. Kwenye maboksi yetu mara nyingi huja kama RCCB, na mafundi wa zamani bado wanaiita ELCB. Ndani yake waya wa moto na waya wa nyutro hupita pamoja katikati ya koili ya mviringo. Umeme unaokwenda kwenye pampu na unaorudi ukiwa sawa, koili haihisi kitu. Ukipungua njiani, maana yake sehemu yake imepata njia nyingine ya kwenda ardhini, labda kupitia bodi la chuma, labda kupitia mtoto. Tofauti ikifika miliampea 30 kifaa kinatakiwa kukata ndani ya sehemu 300 za sekunde iliyogawanywa elfu, yaani milisekunde 300, na tofauti ikifika 150 kinakata ndani ya 40. Ule umeme wa miliampea 230 niliokokotoa hapo juu uko kwenye kundi la pili. Angalia vizuri hapo: RCD haipunguzi umeme unaokupiga, inapunguza muda. Utashtuka na utaumia, lakini mkono utaachia na moyo una nafasi kubwa ya kuendelea kudunda. Anayekuambia kwamba ukiwa na RCD hutahisi kitu, hajui anachosema.

Twende kwenye boksi, tutazame pamoja. Breka za kawaida ni zile nyembamba zilizopangwa mstari, zimeandikwa C20, B32, C10 na kadhalika. RCCB ya umeme wa fezi moja ni pana, inachukua nafasi ya breka mbili, na ya fezi tatu inachukua nafasi ya nne. Usoni utaona ampea zake, mara nyingi 40 au 63, kisha alama ya IΔn, yaani kiasi cha umeme unaovuja kinachoifanya ikate, ikifuatiwa na 0.03A au 30mA. Hiyo 0.03A ndiyo unayoitaka. Zipo za 0.1A na 0.3A, nazo zina kitufe cha T vilevile na zitaruka ukizibonyeza, ila zimekusudiwa zaidi kuzuia moto utokanao na umeme unaovuja. Kwa mtu aliyeshika waya, hizo zinasubiri umeme mwingi mno kabla ya kukata. Ukikuta 0.3A usijipe moyo kwamba soketi ya nje iko salama.

Usichanganye RCCB na swichi kuu. Hii nayo ni pana kama breka mbili, nayo huandikwa 63A au 100A, na ukiiona haraka utadhani ni ndugu yake. Haina T, haina IΔn, kazi yake ni kuwasha na kuzima tu. Nimeona wenye nyumba wakionyeshwa swichi hiyo na kuambiwa ndiyo kinga. Halafu kwenye nyumba za zamani sana unaweza kukuta ELCB ya aina ya kale, yenye sehemu mbili za kufungia waya zilizoandikwa E na F. Ile hupima volti kwenye waya wa ethi, kwa hiyo mtu akishika waya wa moto kwa mkono wake haihisi lolote. Ikiwepo, iondolewe.

Kuna pia RCBO, ambayo ni breka na RCD ndani ya kifaa kimoja, mara nyingi nyembamba kama breka ya kawaida lakini ina T usoni. Soketi yako ikiwa na yake peke yake, umebahatika. Na pengine umeona video za Marekani ambako soketi yenyewe ina vitufe viwili, TEST na RESET. Kule kinga imewekwa kwenye soketi na inakata kwenye takriban miliampea 5. Soketi za namna hiyo za pini tatu za kwetu zinapatikana madukani, ila ni nadra kuzikuta ukutani. Kwetu T iko kwenye boksi, na kwa sababu iko mbali na soketi ndiyo maana nakusisitizia kipimo cha taa. Kuona RCCB kwenye boksi hakukuambii inalinda nini.

Hapa ndipo penye matatizo mengi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Soketi ya nje mara nyingi huzaliwa baadaye. Nyumba imeshawekwa umeme, simtanki likaja, pampu ikaja, fundi akaitwa avute waya. Njia rahisi kwake ni kuchukua umeme mahali palipo karibu: kwenye swichi kuu kabla ya RCCB, kwenye waya wa taa ya ukuta wa nje, au kwenye kibanda cha mlinzi chenye boksi lake. Vilevile, maboksi mengi yamegawanywa. Upande mmoja una breka zinazopita kwenye RCCB na upande mwingine una breka zisizopita, kwa kawaida za taa. Soketi iliyochukuliwa kwenye waya wa taa iko upande usio na kinga, na ukiitazama kwa nje huwezi kuijua.

Sababu nyingine ni mbaya zaidi kwa sababu hufanywa kwa makusudi. Mvua zikianza, maji yanaingia kwenye soketi au kwenye boksi la maungio, RCCB inaruka, nyumba inazimika usiku. Fundi anaitwa, anahangaika kutafuta panapovuja, mwishowe anaupitisha waya wa soketi ya nje kando ya RCCB. Umeme unarudi, analipwa, anaondoka. Mara nyingine kosa halikuwa hata la maji: nyutro ya soketi ya nje ilifungwa kwenye baa (kile kipande cha kufungia nyutro pamoja) isiyo ya RCCB, kwa hiyo kila ukiwasha pampu umeme unakwenda njia moja na kurudi njia nyingine, na RCCB inaruka kama inavyopaswa. Dawa ilikuwa kuhamisha nyutro, kazi ya dakika chache kwa anayejua. Kuikwepa kinga ni kumziba mdomo anayekuambia kuna hatari, na kwa fundi mwenye leseni ya EWURA ni aibu.

Kama kwako RCCB imekuwa ikiruka mara kwa mara, shusha breka zote, rudisha RCCB, kisha pandisha breka moja moja uone ipi inaiangusha. Hiyo unaweza kuifanya mwenyewe bila kufungua kitu. Lakini ikiruka hata breka zote zikiwa chini, usishangae. Breka hukata waya wa moto tu, nyutro inabaki imeunganika, na nyutro iliyogusa ethi mahali fulani inatosha kuiangusha. Hapo mwite fundi mwenye kipimo cha insulesheni, kinachoonyesha waya gani unavujisha umeme.

Rudi kwenye kitufe cha T, maana kina mipaka yake. Ukikibonyeza, kinatengeneza tofauti ndogo ndani ya kifaa chenyewe, bila kutumia waya wa ethi hata kidogo. Kwa hiyo T ikifanya kazi inathibitisha kwamba mtambo unaachia, basi. Haikuambii kama ethi imefika kwenye soketi, wala haikuambii kifaa kimetumia muda gani kukata. Soketi isiyo na ethi lakini ina RCD itamwokoa mtu baada ya kuwa ameshapigwa; yenye vyote viwili itakata pale tu bodi la pampu linapopata umeme, kabla mtu hajaligusa. Kwa soketi ya nje nataka vyote viwili, sikubali kimoja.

Tesita ile ya bisibisi yenye taa ndogo haitakusaidia hapa. Inaonyesha kwamba waya una moto, haijui habari za kinga. Vipimo vya kuchomeka kwenye soketi vyenye taa tatu ni vizuri zaidi, na vingine vina kitufe cha kujaribu RCD. Lakini hivi humwaga umeme kutoka waya wa moto kwenda ethi, kwa hiyo kama ethi haipo, RCD nzima kabisa itaonekana haifanyi kazi. Ukipata jibu hilo wakati kipimo cha taa kimefaulu, tatizo lako ni waya wa ethi.

Jambo moja ninaloomba asilifanye mtu yeyote nyumbani kwako: kujaribu kinga kwa kuunganisha balbu kati ya waya wa moto na ethi, au kwa kuchokonoa tundu la soketi. Nimeona mafundi wakifanya hivyo mbele ya wateja kama onyesho. Kama waya wa ethi umekatika huko ukutani, umeme wa balbu ile utapanda kwenye mabodi ya chuma ya kila kifaa kilichoungwa kwenye waya huo, na mtu aliyeshika mlango wa friji jikoni hana habari.

Mkitumia jenereta TANESCO ikikatika, jua kwamba hesabu inabadilika. Jenereta nyingi ndogo za kubeba hazina muungano kati ya nyutro na ethi, na bila muungano huo umeme unaovuja hauna njia kamili ya kurudi, kwa hiyo RCD inaweza isihisi kosa la kwanza ingawa T bado itairusha. Kwa siku za jenereta, usichomeke pampu ya nje mpaka fundi ameutazama mfumo wa kubadilishia kutoka TANESCO kwenda jenereta. Pia RCD haimwokoi anayeshika moto na nyutro kwa pamoja huku amesimama kwenye kitu kikavu, kwa sababu umeme unaokwenda na kurudi unakuwa sawa. Vifuniko vya soketi na waya usiochubuka bado vina kazi yao.

Kuhusu soketi yenyewe: kama ni ya ndani iliyowekwa nje, ibadilishwe iwe ya nje yenye kifuniko kinachofunga, angalau IP55 (alama ya kiwango cha kuzuia vumbi na maji), na ikae juu kiasi kwamba maji ya kusafishia sakafu hayairukii. Soketi nyingi za nje zina kifuniko kisichofunga plagi ikiwa imechomekwa. Kwa pampu inayokaa imechomekwa muda wote, hiyo ni sawa na kutokuwa na kifuniko. Upepo wa bahari pale Kigamboni una chumvi, hula pini na skrubu, na hufanya mitambo midogo ya RCCB ikwame. Ndiyo maana kwa nyumba za pwani nashauri T ibonyezwe kila mwezi, si kwa kupima tu bali pia ili mtambo uzoee kusogea.

Kwa kuwa umepanga, kipimo kikionyesha hakuna kinga, hatua ya leo leo ni kuacha kutumia soketi hiyo, au kununua adapta yenye RCD ya miliampea 30 ndani yake, inayochomekwa ndani ya nyumba pakavu, na kutoka hapo waya wa kurefushia ulio imara ndio uende kwenye pampu. Adapta hiyo nayo ina T, ibonyeze kila unapoitumia. Ni ya muda tu, na soketi ya ndani lazima nayo iwe na ethi. Halafu zungumza na mwenye nyumba. Mwombe kitu kimoja kilicho wazi: RCBO ya ampea 16 au 20, miliampea 30, kwa ajili ya soketi ya nje peke yake. Inamfaa yeye pia, kwa sababu siku maji yakiingia kwenye soketi ya nje itakatika hiyo tu, friji na taa za ndani zitaendelea. Ukipenda kumpa sababu ya kitaalamu, kanuni za Uingereza za BS 7671 zinataka kinga ya miliampea 30 kwa vifaa vya kuhamishika vinavyotumika nje.

Fundi akija, aje na kipimo cha RCD, si tesita. Kabla hajafunga boksi, simama naye hapo kwenye soketi ya nje achomeke mashine yake. Kwenye miliampea 15 kinga isiruke, kwenye 30 iruke ndani ya milisekunde 300, kwenye 150 iruke ndani ya 40. Kisha apime ukinzani wa ethi akusomee namba ya omu, aziandike zote kwenye karatasi pamoja na tarehe na namba ya leseni yake, na karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa boksi la breka.